Kiwanja kwa Maana Mbili: Kandanda ya Kitengela na Kajiado, na Mustakabali Wake

Lugha yetu ina neno moja ambalo laweza kuwafarakanisha watu wawili wasiopata kukosana maishani, nalo ni neno kiwanja. Mwuza ardhi alitajapo humaanisha kipande kilichopimwa, chenye nambari katika daftari la msajili na jiwe la mpaka katika kila pembe. Na kijana wa miaka kumi na sita alitajapo humaanisha pahali patupu ambapo, jua likielekea magharibi na vumbi likitulia, watu ishirini na wawili waweza kugawanyika pande mbili wakaufukuza mpira mpaka giza liwakataze. Katika nyanda za Kaputiei, zianziazo kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi zikaenda hata macho yakachoka, maana hizi mbili zilikaa muda mrefu bila kujuana, kwa sababu ardhi haikuwa na mawe ya pembe na vijana walikuwa nyuma ya ng'ombe. Katika Kitengela ya leo zimejuana, na aghalabu hukutana juu ya kipande kile kile, jioni ile ile. Apitaye mitaa ya nyuma ya mji huo saa kumi na moja huwaona vijana wakicheza baina ya mawe ya mpaka waliyoyafanya milingoti ya goli, na huenda asifikiri kwamba mawe hayo, yanayousimamia mchezo leo, ndiyo yatakayoufukuza kesho.

Swali la makala haya ni la kawaida katika vinywa vya wapenzi wa kandanda: je, mchezo wa wanaume unakua katika nchi hii ya Kajiado, na kama unakua unakwenda wapi? Swali hili hujibiwa kwa haraka, kwa kuhesabu jezi zinazovaliwa siku ya Jumamosi, au vichwa vilivyojaa katika banda la kutazamia mechi za Uingereza. Na jawabu la namna hiyo, ijapokuwa si uwongo, ni nusu ya kweli, maana kuupenda mchezo ni jambo moja, kuucheza ni jambo la pili, na kuurithisha ni jambo la tatu lililo gumu kuliko yote. Rai yangu ni kwamba mustakabali wa kandanda ya Kajiado hautaamuliwa na uhaba wa vipaji, wala na fahari ya viwanja vikubwa vya Nairobi, bali utaamuliwa katika ofisi ya ardhi. Na shahidi nitakayemwita, ingawa atokea mbali, ni Marekani, nchi iliyotangulia kuwa na kila kitu cha kuulelea mchezo huu isipokuwa mapenzi, ilhali sisi tuna mapenzi tele na kila kilichobaki chatuponyoka.

Kandanda iliingia nchini mwetu kwa njia za bandari, reli, shule za misheni na kambi za askari, ikatua palipokuwa na mshahara na siku ya mapumziko. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kiwanda cha sabuni, lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963 ilichukuliwa na Nakuru All Stars, timu ya mji uliokuzwa na reli, na mwaka 1965 ikateremka Mombasa kwa Feisal. Majabari wawili wa Nairobi, yaani Abaluhya ya mwaka 1964, ambayo ndiyo AFC Leopards ya leo, na Gor Mahia ya mwaka 1968, walizaliwa na watu wa magharibi waliokuja mjini kutafuta riziki, wakataka walau siku moja katika juma waisikie lugha ya kwao ikipaazwa kwa sauti kubwa; na Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunis, furaha ile ilivuka mipaka ya kabila lolote. Katika tarikhi hiyo yote Kajiado haitajwi, wala si ajabu. Mikataba ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 iliwasukuma Wamaasai katika hifadhi ya kusini; reli iliyochepuka Konza ikapita Kajiado ilijengwa ili kubeba magadi ya ziwani, wala si kuleta watu; na vijana wa huko walikuwa na mashindano yao wenyewe, ya kuruka, ya rungu na ya mkuki, ambayo hayakuhitaji refa wala chaki.

Mambo yaligeuka pale ardhi ilipogeuka. Sheria ya mwaka 1968 iliyaunda mashamba ya pamoja ya wafugaji, na miaka ishirini baadaye, mwaka 1988, shamba la pamoja la Kitengela likagawanywa, kila mwanachama akapewa chake na hati yake. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo lililojengwa Athi River likaanza kuwahitaji mafundi wa cherehani kwa maelfu. Viwanda vya saruji vilikuwapo tangu zamani, mashamba ya maua yakaenea kuelekea Isinya, na barabara ya Namanga ikawa mshipa wa mji uliokuwa jana kituo cha kupumzishia mifugo. Sensa ya mwaka 2009 iliwakuta watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta 1,117,840, na katika hao 154,436 walikuwa wa Kitengela. Hao waliokuja, kutoka Kisii na Kakamega, Kisumu na Machakos, Murang'a na Mombasa, hawakuja mikono mitupu: walibeba magodoro, masufuria, na timu zao moyoni.

Hapa ndipo penye siri ambayo wahesabuji wa jezi hawaioni. Kijana wa Kimaasai alikuwa na rika lake, watu waliotahiriwa pamoja naye, walioitwa kwa jina moja na kuwajibika mmoja kwa mwenziwe mpaka uzeeni. Kijana wa Kitengela, ambaye baba yake ni wa Bungoma, mama yake ni wa Kitui, na mwenye nyumba wao ni wa Kaputiei, hana rika la kumpokea, wala mji haukumtengenezea. Timu ya mtaa ndiyo iliyojitwika kazi hiyo. Ndani yake hujulikana nani hutegemewa na nani hukimbia mzigo. Akifiwa mchezaji wenziwe huchanga. Akipata kazi ya ulinzi au ya bodaboda huulizwa atapata nafasi ya mazoezi lini. Na siku ya mechi kila mmoja hutoa shilingi zake za refa na za nauli, hata yule ambaye hakula mchana. Kwa hiyo asemaye kwamba kandanda ya Kitengela imekua asema kweli, walakini ukuaji huo ni wa jamii iliyokuwa ikitafuta umbo, ikalipata katika watu kumi na mmoja. Wala Wamaasai wenyewe hawakubaki nyuma. Huko Kimana, tangu mwaka 2012, wazee na wahifadhi wa wanyamapori wamewaandalia morani mashindano ya kukimbia, kuruka na kurusha rungu, ili sifa iliyopatikana zamani kwa kumwua simba ipatikane kwa jasho lisilo na damu. Mashindano yale si ya mpira, lakini hoja yake ni ile ile: jamii ikiamua kwamba ujana unahitaji uwanja wa kupimiana nguvu, uwanja hupatikana.

Pamoja na mapenzi hayo yote, kaunti hii haijapata kutoa klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Ngazi ya mchezo wetu ina vidato vingi, kutoka ligi ya kaunti, ikapanda madaraja ya chini, ikafika ligi ya daraja la kwanza na ligi ya taifa iliyo chini ya ligi kuu, kabla ya kugusa ligi kuu yenyewe. Na kila kidato chataka safari ndefu zaidi, kambi, daktari, na uwanja uliopimwa na kukubaliwa. Timu nyingi za mtaa hufia katika vidato vya chini, si kwa kushindwa na wenzao bali kwa kushindwa na nauli. Mfadhili aliye karibu aghalabu ni mwanasiasa, ambaye katika mwaka wa kuelekea uchaguzi hutoa jezi, mipira na fahali mmoja wa zawadi, mashindano yakaitwa kwa jina lake. Kura zikiisha kuhesabiwa kombe hutoweka, na jezi zenye picha yake huvaliwa na watoto wachungao mbuzi. Kampuni za kamari nazo zilipata zamu yao, zikamwaga fedha katika vilabu na ligi, hata mwaka 2019 zilipogombana na serikali juu ya leseni na kodi, na mfadhili mkubwa wao akajiondoa ghafla, vilabu vikajikuta vimejenga nyumba juu ya mchanga wa pwani wakati wa maji kupwa.

Na tuitazame sasa Marekani. Watu wengi hudhani kwamba nchi hiyo ilianza kujua kandanda juzi, nayo katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1930, ilifika nusu fainali, na mwaka 1950 ikaifunga Uingereza bao moja kwa bila mjini Belo Horizonte, bao la Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Baada ya ushindi huo ilikaa miaka arubaini bila kurudi katika fainali hizo. Mwaka 1968 ilianzisha ligi kubwa, na mwaka 1975 klabu ya New York Cosmos ikamnunua Pelé, watu wakamiminika kama wamiminikavyo kwenye harusi ya mfalme. Lakini walikuja kumwona mtu, hawakuja kuuona mchezo, na mtu alipostaafu mwaka 1977 ligi haikudumu sana, ikazimika mwaka 1984. Fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1994 zilihudhuriwa huko na watazamaji zaidi ya milioni tatu na nusu, idadi ambayo haikufikiwa na fainali zozote zilizofuata hata zile za Qatar mwaka 2022. Na kutokana na ahadi iliyotolewa kwa FIFA ikazaliwa ligi mpya, Major League Soccer, iliyoanza mwaka 1996 kwa timu kumi.

Ligi hiyo nayo nusura ife. Ilikuwa ikicheza katika viwanja vikubwa vya kukodi, vilivyojengwa kwa ajili ya mpira wao wa Kimarekani, ambamo watu elfu kumi na tano huonekana kama punje chache zilizosahauliwa katika ghala tupu. Hasara ikalundikana, na baada ya msimu wa mwaka 2001 timu mbili za Florida zikafungwa. Kilichoiokoa hakikuwa nyota mwingine. Mwaka 1999 mjini Columbus palikuwa pamejengwa uwanja mdogo wa kandanda peke yake, wa kwanza wa namna hiyo katika ligi ile, na miji mingine, mmoja baada ya mwingine, ikaufuata mfano huo. Klabu ikawa na makao, makao yakawa na desturi, na desturi ikazaa watazamaji waliokuja bila kuuliza ni nyota gani atacheza. Lionel Messi alipohamia Miami mwaka 2023 hakuikuta ligi iliyotegemea miguu yake ili iishi, kama Pelé alivyoikuta ile ya kwanza. Na timu ya San Diego ilipoingia mwaka 2025 idadi ilitimia thelathini. Dunia nayo imekwisha kukiri mageuzi hayo, ikaikabidhi Marekani, pamoja na Kanada na Meksiko, Kombe la Dunia la mwaka 2026, lenye timu 48 na mechi 104. Funzo la kwanza la Marekani, kwa hiyo, ni hili: mgeni mashuhuri huleta umati, bali uwanja ndio uletao mizizi.

Funzo la pili ni chungu, na kwa watu wa Kitengela ndilo lenye uzito. Katika Marekani mpira wa watoto ulikulia katika vitongoji vya watu wenye nafasi, ambamo mtoto hupelekwa mazoezini kwa gari la mzazi, na mzazi hulipa ada ya klabu, ya kocha, ya safari na ya jezi, hesabu ambayo kwa mwaka yaweza kufika maelfu ya dola. Mtoto wa mhamiaji maskini, ambaye pengine ndiye aliyezaliwa na mpira mguuni, hubaki nje ya ua. Mnamo Oktoba 2017 timu ya taifa ya nchi hiyo yenye watu zaidi ya milioni mia tatu ilifungwa mabao mawili kwa moja na Trinidad na Tobago, kisiwa na kisiwa chenzake, ikakosa fainali za mwaka 2018. Na katika majadiliano yaliyofuata, hoja iliyorudiwa mara kwa mara ni kwamba mchezo wa maskini wa dunia nzima ulikuwa umegeuzwa kuwa mchezo wa wenye ada.

Wakenya wameiingia nyumba hiyo ya Marekani kwa mlango mwembamba, nao aghalabu ni mlango wa chuo. Lawrence Olum alikwenda kusoma katika chuo cha Missouri Baptist, akaishia kuwa mmoja wa Sporting Kansas City walipotwaa ubingwa mwaka 2013. Na Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, alipotoka Tottenham mwaka 2020 alikwenda Montréal, klabu ya Kanada ichezayo katika ligi ile ile ya Marekani. Mifano hii husimuliwa sana na wenye kuuza matumaini kwa wazazi, na ni kweli kwamba elimu na mpira vikishikana mikono humfikisha kijana mbali; ila haifai kusahauliwa kwamba kabla ya chuo palikuwa na shule, na kabla ya shule palikuwa na uwanja wa mtaani ambao hakuna aliyeulinda wala aliyeulipia.

Na uwanja huo ndio unaokwisha. Hebu tufanye hesabu ambayo kila dalali wa Kitengela aijua kwa upande mmoja na kila kocha aijua kwa upande wa pili, ila hawakai pamoja wakaijumlisha. Uwanja kamili wa kandanda una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ploti ya kawaida ya hamsini kwa mia, kwa futi, ina mita za mraba 465 hivi. Kwa hiyo kila uwanja mmoja wa mpira ni ploti kumi na tano, na kila jioni ambayo vijana huucheza mchezo wao bure, huucheza juu ya mali ya watu kumi na watano ambao hawajapata bado fedha za kujenga. Haifai kumlaumu mwenye ploti, ambaye huenda ni mwalimu au mshonaji aliyeweka akiba miaka kumi ili wanawe wapate paa. Kosa, kama ni kosa, ni la mpango uliopima nyumba na barabara bila kupima pumzi. Siku ya kwanza huja lori la mawe, siku ya pili mchanga, siku ya tatu fundi na kamba yake. Timu huhama mtaa mmoja kwenda mbele, kama wahamavyo wenye ng'ombe majani yakiisha, mpaka itakapofika pahali ambapo mchezaji aliyetoka kazini saa kumi na mbili hawezi tena kufika kabla ya usiku.

Pengo liachwalo na uwanja wa bure hujazwa na uwanja wa ada. Viwanja vidogo vya nyasi bandia, vyenye wavu na taa, vimeenea katika miji ya pembezoni ya Nairobi, vikikodishwa kwa saa. Na shule za kandanda za siku ya Jumamosi zimeongezeka, ambako wazazi wenye magari huwapeleka watoto wao wakiwa wamevaa njumu mpya na soksi zilizovutwa hadi magotini. Mimi sioni ubaya wowote katika jambo hilo kwa nafsi yake, maana mtoto afundishwaye na kocha mwenye elimu ni bora kuliko afundishwaye na makosa yake peke yake. Hofu yangu ni kwamba Kitengela, iliyojengwa na mafundi wa cherehani na walinzi wa usiku, inageuka kitongoji cha Kimarekani bila kujua, na mpira wake unafuata njia ile ile ambayo Wamarekani wenyewe wanajuta kuipita: mtoto wa mwenye gari ndani ya wavu, na mtoto wa fundi nje, vidole vyake vikishika matundu ya waya. Yule wa nje zamani alikuwa na mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Mifuko ile ilipopigwa marufuku mwezi Agosti 2017, kwa faida ya mito na ya ng'ombe walioimeza, hata gozi lile la bure likaadimika.

Msomaji mwenye insafu atapinga, na hana budi kusikilizwa. Atasema kwanza kwamba Kajiado ina zaidi ya kilomita za mraba elfu ishirini na moja, na apitaye Isinya kwenda Bisil huona ardhi ambayo ingetosha viwanja vya Afrika nzima. Basi uhaba uko wapi? Jawabu ni kwamba ardhi wazi si uwanja, kama vile maji ya bahari si maji ya kunywa. Udongo mweusi wa nyanda hizo hupasuka wakati wa kiangazi nyufa za kumvunja mtu mguu, na mvua ikinyesha huvimba na kunata hata kiatu kikabaki nyuma ya mwenyewe. Kuufanya uwanja ni kuuchimba, kuujaza kokoto, kuutengenezea mifereji na kuunywesha maji, katika nchi ambayo ukame wa mwaka 2009, na ule uliokuja tena kuanzia mwaka 2021, uliwalaza ng'ombe kwa maelfu kando ya barabara. Fauka ya hayo, ardhi iliyo wazi iko mbali na watu, na sehemu kubwa ya watu iko Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian, pale pasipobaki hata nafasi ya kumgeuzia punda.

Atasema pili kwamba siku njema zimekwisha kufika, kwa kuwa taifa limeamka. Kweli taifa lilikuwa limelala: lilipokonywa fainali za Afrika za mwaka 1996, likapokonywa mashindano ya Afrika ya CHAN ya mwaka 2018, na kuanzia Februari hata Novemba mwaka 2022 likafungiwa na FIFA kwa ugomvi wa utawala. Uchaguzi wa Desemba 2024 ulileta uongozi mpya katika shirikisho, na Agosti 2025 Kenya, pamoja na Tanzania na Uganda, iliandaa CHAN. Timu ya taifa, Harambee Stars, wakaifunga Morocco, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa bingwa, wakafika robo fainali, wakatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti, na kwa majuma matatu nchi ilisahau dhiki zake. Fainali za Afrika za mwaka 2027 zimepewa nchi hizo hizo tatu, na uwanja wa Talanta, wa watu 60,000, ulianza kujengwa mwaka 2024 kando ya barabara ya Ngong. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini mti haukuzwi kwa kupakwa rangi majani yake ya juu: Uingereza haikufungwa na Wamarekani mwaka 1950 kwa sababu Marekani ilikuwa na viwanja vikubwa, ilivyokuwa navyo tele, na ushindi ule haukuzaa kitu kwa sababu chini yake hapakuwa na udongo wa kuupokea. Kitengela iko karibu na Nairobi, gari la abiria hufika upesi barabara ikiwa wazi. Ila umbali wa kutoka ploti ya mtaani hadi uwanja wa taifa wa Kasarani haupimwi kwa kilomita.

Je, dawa iko wapi? Sehemu yake iko katika vitabu vya sheria. Katiba ya mwaka 2010 iliweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za kaunti, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yaipa kaunti mamlaka ya kuukubali au kuukataa ugawaji wa ardhi. Basi mkono mmoja una wajibu wa kutoa uwanja, na mkono huo huo hutia muhuri karatasi ziuondoazo. Kaunti ikitaka, yaweza kukataa kutia muhuri ramani yoyote ya ploti mia isiyo na kiwanja kwa maana ya pili. Sehemu nyingine iko katika mifano ya nyumbani. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na mwaka 2002, na maua hayo hayo huota Isinya. Mathare, mtaa uliobanana kuliko Kitengela itakavyobanana, ulianzisha mwaka 1987 chama cha vijana kilichozipa pointi za ligi timu zilizozoa taka, na kutoka humo ikainuka Mathare United, mabingwa wa mwaka 2008. Shule za serikali zina viwanja vinavyofungwa kufuli mwisho wa juma, wakati ule ule ambapo vijana waliomaliza shule hizo wanakimbizwa na wenye ploti. Ufunguo mmoja na mlinzi mmoja vyaweza kufanya kazi ya bajeti nzima.

Lakini sheria, kampuni na shule zaweza kubadilika kila baada ya uchaguzi, na ardhi ikishauzwa hairudi. Kwa hiyo yafaa kutafuta fungo lililo gumu zaidi. Watu wa pwani walilipata zamani, wakaliita wakfu: mtu hutoa shamba au nyumba kwa ajili ya msikiti, kisima au maskini, na tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haiwekwi rehani, manufaa yake yakawa ya watu wasiozaliwa bado. Sheria ya nchi hulitambua fungo hilo kwa Waislamu. Nami sidai kwamba Kajiado ibadili dini, bali kwamba iazime maana. Hata Kitengela yenyewe imekwisha kuonja jambo la jamaa yake, maana tangu mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kiasi cha dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala wasichimbe mawe, wanyama wa mbugani wapate kupita. Kama nyumbu aliweza kukodishiwa njia, sembuse mwana wa jirani?

Na kama mfano wa pwani ni wa mbali, Wamaasai wanao wa kwao. Karibu na boma, katika nchi ya Kaputiei, huachwa kipande cha majani kiitwacho olopololi, ambacho ng'ombe wakubwa hawaingizwi hata njaa ikibana. Ni cha ndama na cha wagonjwa, wasioweza kutembea mbali kutafuta malisho. Mgeni aonaye majani yale mabichi yamekaa bure, na ng'ombe wa maziwa wakilia nje ya miiba, aweza kudhani kwamba mwenye boma hajui hesabu. Mwenye boma aijua sana; ameshahesabu mpaka mwakani, na katika hesabu hiyo asiyewaachia ndama majani hana kundi.